Jino Jipya kwenye Fizi Zinazougua

Mwaka 1970 watafiti wa meno wakiongozwa na Harald Löe, mwanasayansi mzaliwa wa Norway, walifika kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka na kuandikisha wanaume 480, wote wafanyakazi wa mashamba hayo. Walikuwa watu wenye nguvu zao, na meno yao yalikuwa karibu hayana tundu hata moja. Ila hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki, na daktari wa meno hakuwa amewahi kuwafikia. Kwa miaka 15 watafiti walirudi tena na tena kuwachungulia vinywa na kupima fizi zao milimita kwa milimita.

Walichokiona kilichapishwa mwaka 1986, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wa meno hukisoma. Wote walikuwa na ukoga na fizi zinazotoka damu, lakini ugonjwa haukuwatenda sawa. Karibu 8 katika kila 100 waliharibika haraka mno: meno yalianza kuwatoka wakiwa na umri wa miaka 20 hivi, na walipofika 45 hawakubakiwa na jino. Wengine 81 katika kila 100 walikwenda polepole, wakaanza kupoteza meno baada ya kuvuka miaka 30. Na 11 waliosalia, pamoja na ukoga wao wote, fizi zao zilivimba na kutoka damu miaka nenda miaka rudi bila mfupa kuliwa. Kwa kuwa meno yao hayakuwa yameoza, hapakuwa na kingine cha kulaumiwa. Yaliyotoka yalitolewa na ugonjwa wa fizi.

Kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya zina kila sababu ya kuisikiliza habari hiyo. Ni nchi ya chai vilevile, ya vilima na mvua za karibu mwaka mzima, na tangu 2023, kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilipokubali kununua mashamba ya kampuni ya James Finlay ya huko, udugu huo wa chai umekuwa pia wa umiliki. Tofauti ipo, bila shaka. Mkulima wa Litein au Mogogosiek ana brashi na dawa ya meno nyumbani, na wapo wazee ambao bado huchonga mswaki wa mti, chombo ambacho hata Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 1987 kwamba chafaa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa watu wazima 98 kati ya kila 100 nchini Kenya. Meno yaliyooza, ambayo ndiyo watu huyaogopa, yalikutwa kwa kiasi cha theluthi moja tu.

Takwimu hiyo isimtishe msomaji kupita kiasi. Katika miaka ya 1980, Firoze Manji, daktari wa meno Mkenya, pamoja na Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Denmark, waliwapima watu 1,131 wa vijijini Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, ambao huduma ya meno ilikuwa karibu haijawafikia. Ukoga na ugaga vilikuwa kila mahali. Lakini uharibifu mkubwa wa fizi na mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache, tena kwenye meno machache ndani ya vinywa vyao. Machakos na Sri Lanka zinasema jambo lilelile: karibu kila mtu ana fizi zilizochokozwa, wachache ndio watakaopoteza meno mengi, na hakuna awezaye kujua yuko kundi gani kwa kujitazama kwenye kioo. Lazima apimwe.

Kupimwa kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukiteremsha taratibu kati ya ufizi na jino, akizunguka jino zima. Kwenye ufizi wenye afya kijiti husimama kwenye milimita 1 hadi 3, na hakuna damu. Kikizama milimita 4 au 5, na tone la damu likachomoza nyuma yake, hapo ufizi umeanza kuachana na jino na kufanya mfuko. Penye milimita 6 au zaidi kwa kawaida sehemu ya mfupa imekwisha kuliwa. Kijiti hicho ni cha bei ndogo na hakihitaji umeme. Inasikitisha kwamba wagonjwa wengi hung'olewa jino la tatu au la nne kabla ya mtu yeyote kukitumia vinywani mwao.

Ugonjwa huanzia kwenye kitu kidogo sana. Saa chache baada ya meno kusafishwa, utando laini wa bakteria huanza kujijenga upya juu yake. Ukiachwa unanenepa na kuwa ukoga. Chumvi za mate zikipenya ndani yake, ukoga hugeuka ugaga, mgumu kiasi kwamba brashi haiwezi tena kuutoa. Ugaga hupenda sana mahali pawili: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mifereji ya mate inapomwaga. Mtu apitishe ulimi nyuma ya meno yake ya chini. Akisikia kingo za kila jino na nafasi kati yake, vizuri. Akikuta ukuta mmoja uliounganisha jino na jino, huo ni ugaga, na juu ya mgongo wake unaokwaruza bakteria wapya hujishikiza kila siku.

Löe huyohuyo ndiye aliyeonyesha, mwaka 1965 kule Aarhus, Denmark, jinsi mambo yanavyokwenda haraka. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walikubali kuacha kusafisha meno kabisa. Baada ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba na kutoka damu. Waliporudia usafi, fizi zao zilipona baada ya muda mfupi, wengi ndani ya wiki moja hivi. Hatua hiyo ya kwanza, basi, hurudi nyuma yote. Inayofuata, mfupa unapoanza kuyeyuka, haina kurudi. Kinachowezekana ni kuusimamisha ugonjwa mahali ulipofika.

Tatizo ni kwamba hauumi. Jino lililooza humwamsha mtu usiku na kumpeleka hospitali kwa lazima. Fizi huliwa miaka 10 au 20 pasipo usingizi kukatika hata mara moja. Dalili zipo, ila zimezoeleka: damu kwenye brashi au kwenye gunzi la hindi bichi, harufu ya kinywa isiyokwisha, meno yanayoonekana marefu kuliko zamani, meno ya mbele yaliyoanza kuachana. Na wengi wakiona damu hufanya kinyume cha inavyotakiwa. Huogopa kuumiza ufizi, wakaacha kupiga mswaki hapo hapo panapotoka damu, ukoga ukazidi, damu nayo ikazidi. Pale panapotoka damu ndipo panapodai kusafishwa, kwa brashi laini iliyoinamishwa kuelekea ufizi na mkono usiotumia nguvu.

Katika nchi ya chai watu huhangaikia zaidi rangi. Chai nyeusi hupaka meno madoa ya kahawia, hilo ni kweli, na upande wa Nakuru na Naivasha maji yenye floraidi nyingi yamewaachia watu wengi meno ya kahawia tangu utotoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ugonjwa wa fizi. Kuna watu wenye meno meupe pepe ambayo mizizi yake imebaki na mfupa nusu.

Wapo wanaopaswa kuwa macho kuliko wengine. Wa kwanza ni mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu, mwili hushindwa kupambana na bakteria wa fizi, na uvimbe wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Wa pili ni mvuta sigara, na hapa pana hila: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji hutoka damu kidogo na kuonekana nzima huku mfupa ukiisha chini kwa chini. Ugoro, ambao wazee wengi wa sehemu hizi huuweka ndani ya mdomo, hurudisha nyuma ufizi mahali unapowekwa na kuleta hatari nyingine kubwa kuliko meno. Mama mjamzito huona fizi zake zimevimba kwa sababu ya homoni. Asafishwe, asiambiwe angoje hadi ajifungue. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye bado hajaanza dawa aweza kupata ugonjwa mkali wa fizi zinazooza kwa maumivu makubwa, na huyo anahitaji huduma haraka. Na kuna jambo ambalo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu hawajaambiwa: amlodipini na nifedipini, vidonge vinavyotolewa karibu kila zahanati, huweza kwa baadhi ya watu kukuza fizi mpaka zikafunika meno. Dawa isiachwe. Daktari aelezwe, aone kama yafaa kuibadilisha.

Matibabu ya fizi hayana kitu cha kustaajabisha, na pengine ndiyo maana hayasifiwi. Kinachofanyika ni kuondoa ukoga na ugaga, kwanza ule unaoonekana, kisha, kwa ganzi, ule ulioganda kwenye mizizi chini ya ufizi. Daktari hutumia ncha ya chuma inayotetemeka kwa kasi huku ikimwagiwa maji, halafu hupitisha vyombo vya mkono vyenye makali kama kijembe kidogo, jino kwa jino, mpaka mzizi uwe laini. Vipande hudondoka vyeusi au vya kijani kilichofifia, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Mdomo wenye ugonjwa mkubwa waweza kuhitaji kukaa kwenye kiti mara mbili hadi nne. Kisha mgonjwa hurudi baada ya miezi miwili au mitatu, kijiti kile kikapitishwa tena, namba zikalinganishwa. Mifuko iliyobaki na kina kirefu husafishwa upya, na mingine hufunguliwa kwa upasuaji mdogo ili daktari aone anachokisafisha.

Ni vema mgonjwa aelezwe mapema kitakachomkuta, la sivyo atadhani ameharibiwa. Uvimbe ukishuka, meno huonekana marefu na nafasi kati yake hufunguka. Maji baridi huchoma kwa wiki kadhaa. Jino ambalo lilikuwa limeshikwa na ugaga kama boriti iliyofungwa kwa kamba chakavu litatikisika zaidi mara tu ugaga unapotoka, na hapo ndipo uvumi unapozaliwa kwamba kusafishwa hulegeza meno. Kilicholegeza ni mfupa uliokwisha kuliwa. Mara nyingi, uvimbe ukiisha, jino hukaza tena kiasi.

Njia ya mkato inayopendwa ni duka la dawa. Mtu hununua amoksilini na metronidazole, damu hupungua kwa siku chache, naye huamini amepona. Ugaga uko palepale. Vidonge pekee haviuondoi, na kuvimeza ovyo huzoesha bakteria dawa ambazo siku moja zitahitajika kuokoa maisha. Maji ya klorheksidini ya kusukutua husaidia kwa muda mfupi, hasa baada ya matibabu, lakini yakitumiwa miezi huchafua meno kuliko chai yenyewe.

Jino likishatoka, swali hubadilika: nini kiingie kwenye pengo?

Kwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet pengo si jambo geni. Zamani watoto wa Kikalenjin, kama wa Kimaasai, waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini, na wazee walieleza kwamba mgonjwa wa pepopunda ambaye taya zimekaza aweza kulishwa kupitia hapo. Pengo lilikuwa alama ya mtu wa watu wake. Nyakati zimebadilika, na kisa kinachoonyesha hivyo vizuri kinatoka mbali na Kericho. Wadinka na Wanuer waliokimbia vita vya Sudan wakapelekwa Nebraska, Marekani, walijikuta mahali ambapo pengo lao lilitazamwa kama kasoro, na kukosa meno hayo kulisumbua pia matamshi ya Kiingereza walichokuwa wakijifunza. Mwanaanthropolojia Mary Willis wa Chuo Kikuu cha Nebraska aliandika juu yao, na baadhi yao wakapandikiziwa meno mapya pale pale yalipong'olewa ya utotoni. Walitaka kutabasamu na kula bila kutazamwa, jambo ambalo mtu wa Bomet aliyepoteza gego kwa fizi hulitaka vilevile.

Kipandikizi ni parafujo ndogo ya titani inayokaa ndani ya mfupa wa taya mahali pa mzizi, na juu yake hufungwa jino la bandia. Asili yake ni ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark, tabibu wa Sweden, ambaye mwaka 1952 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa chombo cha titani, akaja kukuta mfupa umekishika chombo hicho hata hakitoki. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, aliweka vipandikizi kwenye taya la Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya na asiye na meno ya kutafunia. Larsson alivitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Miaka 40 na ushei kwa mgonjwa wa kwanza kabisa: kazi ikifanywa vizuri, na mwenyewe akiitunza, kipandikizi hudumu.

Lakini titani haiozi, na sifa hiyo imewadanganya wengi. Mtu aliyelipa pesa nyingi hudhani amenunua jino lisilohitaji kuangaliwa, kumbe hali ni kinyume. Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi nyingi zinazoingia ndani ya mzizi wake na kuusuka na ufizi, kama uzio unaowachelewesha bakteria. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Ufizi umekizunguka na kukibana tu, nyuzi zake zikipita kandokando pasipo kukiingia. Bakteria wakiteremka, hakuna cha kuwazuia kwa muda mrefu, na mfupa huliwa kwa kasi kuliko unavyoliwa kwenye jino.

Uharibifu huo una hatua mbili. Kwanza ufizi unaozunguka kipandikizi huvimba na kutoka damu ukiguswa. Hapo bado hurudi nyuma ukisafishwa. Kisha mfupa huanza kuyeyuka, usaha hutokea, nyuzi za parafujo huanza kuonekana kwenye picha ya eksrei. Tafiti zilizokusanywa na Jan Derks na Cristiano Tomasi mwaka 2015 zilikadiria kwamba kiasi cha watu 43 katika kila 100 wenye vipandikizi wana hatua ya kwanza, na 22 wana ya pili. Kulegea, ambako ndiko mgonjwa hukungoja kama dalili, huja mwisho kabisa, mfupa ukiwa umekwisha. Jino la asili huanza kucheza mapema na kumwonya mwenyewe. Kipandikizi husimama imara mpaka siku ya kung'oka.

Nani huugua? Kwanza kabisa, yule ambaye meno yake ya asili yaliondoka kwa ugonjwa wa fizi. Bakteria walewale wamebaki kwenye meno yaliyosalia jirani, wakiwa na mifuko ya kujifichia, na kipandikizi kipya ni nyumba mpya kwao. Kuweka jino la titani kwenye mdomo ambao fizi zake hazijatibiwa ni kuirudia hasara ileile kwa bei kubwa zaidi, na daktari anayekubali kufanya hivyo kwa sababu mteja ana haraka hamtendei haki. Utaratibu unaoeleweka ni kutibu fizi za mdomo mzima, kungoja, kupima tena, na kuendelea tu pale damu ilipopungua na mifuko mirefu ikaisha. Hilo laweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya parafujo kuguswa, na kipandikizi chenyewe kwa kawaida hudai miezi mingine mitatu hadi sita kushikana na mfupa.

Kisukari kisichodhibitiwa na sigara hufuata kwa uzito. Kabla ya upasuaji mgonjwa apimwe sukari kwa kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kwa maana kipimo cha asubuhi moja huficha mengi. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyechomwa sindano za aina hiyo kwa ajili ya saratani, aseme mapema, kwa sababu dawa hizo huweza kuzuia taya kupona. Kuna pia hatari za siku ya upasuaji wenyewe. Taya la chini lina neva kubwa inayopita ndani yake, na parafujo ikiigusa mdomo wa chini huweza kufa ganzi kwa miezi au moja kwa moja. Juu, magego yako karibu na uwazi wa hewa ulio pembeni mwa pua. Pengo la zamani nalo lina tabu yake: mwaka mmoja tu baada ya jino kutoka, taya hapo huweza kupungua karibu nusu ya upana wake, kwa hiyo mzee aliyekaa na pengo miaka 30 huenda hana mfupa wa kutosha mpaka aongezewe. Ndiyo sababu picha ya pande tatu ya taya hupigwa kabla ya kutoboa, na asiyeipendekeza pale inapohitajika aulizwe kwa nini.

Kosa jingine ni dogo hata halionekani. Jino la juu likibandikwa kwa saruji ya meno, chembe ya saruji ikisalia chini ya ufizi hukaa kama mwiba na kuchochea usaha miezi baadaye. Baadhi ya madaktari hupendelea jino linalofungwa kwa skrubu kwa sababu hiyo, kwani laweza pia kufunguliwa na kusafishwa.

Baada ya hapo kazi ni ya mwenye mdomo. Brashi laini mara mbili kwa siku, brashi ndogo za kupitisha kati ya meno, au uzi wa meno, na kurudi kwa daktari kila miezi mitatu hadi sita kwa mtu aliyewahi kuugua fizi. Siku jino linapofungwa ipigwe picha ya eksrei na itunzwe, ili ya mwaka ujao ipate cha kulinganishwa nacho. Damu ikionekana kuzunguka kipandikizi, mtu aende wiki hiyo hiyo. Daktari atasafisha kwa ncha zisizokwaruza titani, kwa kuwa mkwaruzo ni kishikizo kipya cha bakteria. Mfupa ukiwa umeanza kuliwa, ufizi hufunguliwa, parafujo husafishwa ikiwa wazi, na pengine mfupa huongezwa. Matokeo ya upasuaji huo hayana uhakika wa matibabu ya jino la asili, na wakati mwingine kipandikizi huondolewa, taya likabaki na shimo kubwa kuliko pengo la mwanzo.

Kuna suala la fedha. Katika nyumba nyingi za wakulima wadogo wa chai, mambo makubwa hungoja bonasi ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo: karo, mabati, ng'ombe wa maziwa, na siku hizi meno. Kipandikizi kimoja na jino lake Nairobi huweza kupita shilingi 100,000, na wenye ujuzi huo wengi wako Nairobi na miji mingine mikubwa, maana yake nauli na siku za kazi zilizopotea, tena mara nyingi. Bonasi hulipa parafujo, lakini ziara za kusafishwa za miaka 10 inayofuata hazimo kwenye hesabu. Anayekusudia kutumia pesa hizo na aulize kabla ya kulipa: fizi zangu zimepimwa kwa kijiti, na namba zake ni zipi? Nitasafishwa wapi karibu na nyumbani, na ni nani atakayekifahamu kipandikizi cha aina hii kikilegea? Jina na nambari yake vimeandikwa kwenye karatasi nitakayoondoka nayo? Daktari mwenyewe yumo kwenye daftari la Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno, KMPDC, ambalo mtu yeyote aweza kulitazama kwenye mtandao? Asiyepata majibu ana njia nyingine mbili za heshima, daraja linaloshikiliwa na meno ya jirani au meno ya bandia ya kutoa na kuweka, na zote mbili nazo zinataka fizi nzima.

Huduma ya kusafishwa iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937 nje kidogo ya mji wa Bomet, ina kliniki ya meno, na hospitali ya rufaa ya kaunti pale Kericho ina kitengo chake. Kenya pia ina maafisa wa afya ya kinywa wanaofunzwa katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, ambao kazi yao hasa ni hii: kusafisha, kufundisha na kutambua mapema. Wangefaa kuonekana kwenye vituo vya kukusanyia majani chai, ambako wakulima hungoja lori wakiwa na muda mikononi, kuliko kukaa nyuma ya meza wakingoja wenye maumivu.

Na lipo jambo moja ambalo kaunti zote mbili zaweza kulifanya bila kujenga chochote. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba kutibu fizi za mtu mwenye kisukari hushusha kile kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu kwa kiasi cha 0.43 katika mia, upungufu unaokaribia ule wa kuongezewa dawa nyingine. Wagonjwa wa kisukari tayari wana siku yao ya kliniki. Wanapimwa uzito, shinikizo la damu na sukari, kisha wanarudi nyumbani. Siku hiyo hiyo, kabla hawajaondoka, mtu mmoja mwenye kijiti cha milimita na taa aweza kuwapima fizi, na watakaokutwa na mifuko mirefu wakapangiwa kiti cha meno mwezi huo huo.